Jina la Bibi Mosi na Mashimo ya Zuhura

Bigwa, Morogoro
15 Mei 1994

Mjomba wangu Maneno,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mguu umepona na vitunguu vinatoka, maana nasikia siku hizi hapo Dumila kila mtu kawa mfanyabiashara. Sisi hatujambo. Mume wangu Abdulswamad, tangu apunguzwe kiwandani, anauza mitumba sokoni, na ulimi wake umekuwa mtamu mpaka namtilia shaka.

Mjomba, sitazunguka. Ujumbe wako wa Januari niliupata: kwamba tukishavuna tutakutana kwa tambiko, na jina la mama yako, bibi yangu Mosi, atapewa binti wa Asha, kwa kuwa kwetu jina hufuata upande wa mama, na tumbo la bibi limebaki na mimi tu wa kike, na miaka yote hii ya ndoa sijaleta mtoto. Roho iliniuma sana. Asha ni ndugu yetu wa upande wa bibi mdogo, sina ugomvi naye, lakini mama alipofariki ni Bibi Mosi aliyenilea. Nililia, kisha nikakasirika, na unanijua nikikasirika sikai kimya.

Basi usinicheke. Wiki hiyohiyo redio ikasema chombo cha Wamarekani kimeipiga picha Zuhura, ile inayong'aa baada ya magharibi, na huko kuna mashimo ya duara chungu nzima, kila moja linapewa jina la mwanamke. Makubwa ni ya wanawake mashuhuri waliokwisha kufa. Madogo hupewa majina ya kawaida, ya taifa lolote. Nikasema, kha! Kama jina la bibi halina pa kukaa kwangu, na liende huko. Mwalimu mwenzangu kule Mafiga ninapofundisha, Ignas, akanitafutia anwani ya hao wanaotoa majina na kuninyooshea Kiingereza.

Nikaandika kama tunavyotoa jina sisi. Nikataja ukoo wake, nikaeleza alivyokuwa akiteremka mlimani na mboga kichwani kwenda sokoni, alivyomkaripia hata mwenyekiti wa kijiji. Mwisho nikauliza kwa heshima ni nani huko Zuhura atakayelipokea jina, ili ndugu wajue wa kumwita. Ignas alisema swali hilo tuliache. Nikamwambia jina halitupwi tu barabarani, lazima awepo wa kulipokea, na kama hataki kuandika anipe kalamu.

Majibu yamekuja juzi. Watu wale wana adabu, Mjomba. Wanashukuru, jina Mosi wataliweka pamoja na mapendekezo mengine, ila tusitegemee lolote haraka. Wakaeleza kwamba kwa mashimo madogo huchukua jina peke yake, lisilomkumbuka mtu fulani, hivyo habari za bibi hazihitajiki. Na swali langu wakalijibu, maskini: huko hakuna mtu. Nilicheka mpaka Abdulswamad akaja mbio kutoka uani. Halafu nikaanza kulia.

Nililia kwa sababu nina jambo nililokuficha. Nina mimba, Mjomba. Nilipokuwa nahangaika na Zuhura hata mwenyewe sikuwa najua. Mbili za mwanzo zilitoka kabla sijamwambia mtu, ndiyo maana hii nimeifungia mdomo. Anajua Abdulswamad na mkunga tu. Sasa imekua, hata kanga haifichi tena, na mkunga anasema mtoto yuko salama.

Nakuomba, usiligawe jina la bibi msimu huu. Ningoje kidogo. Akija wa kiume, mpe binti wa Asha, na kigelegele cha kwanza nitapiga mimi, wallahi. Lakini tumsubiri kwanza tumwone. Wale wakubwa wa Zuhura wanataka jina tu, mtu hawamhitaji. Mimi mtu ninaye, Mjomba, na hivi ninavyoandika ananipiga mateke.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Abdulswamad anakuamkia, na amekuwekea koti zuri la baridi, kwa hiyo huna kisingizio cha kutopanda Bigwa. Ukija niletee vitunguu, maana tangu mwezi uliopita sitamani kingine.

Ni mimi mpwa wako,
Maimuna