Miaka Yako Ambayo Sikuwamo

Mama Sifa, mke wangu uliyetangulia,

Nimekaa barazani petu hapa Kindu, kwenye kile kiti chako cha kamba, na ninakuandikia barua ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Nataka Wakristo wetu waisome. Kwa miaka mingi nilikuhubiri mbele yao bila kukuuliza chochote, kwa hiyo ni haki wajue kwamba mchungaji wao ni mtu wa wivu. Wewe ulijua kabla yao.

Unakumbuka siku wazee wa kanisa walipotupa mapumziko? Miezi mitatu, ya kwanza tangu tuanze kazi ya Mungu. Mzee mmoja aliniambia, "Pasteri, usihubiri, usizike, usibatize. Tembea na bibi yako." Mimi nilikuwa bado nabishana naye, wewe ulikwisha kuingia chumbani kuvuta sanduku chini ya kitanda. Safari ulikuwa nayo kichwani: Kibombo kwa treni, kisha Kailo, kisha Punia alikozaliwa mama yako.

"Nataka kuona watu wangu," ulisema.

Sikuuliza ni watu gani. Nilidhani watu wako ni mimi na binti yetu Sifa.

Treni ya mizigo ilitubeba katikati ya magunia ya mpunga na madumu ya mawese. Ilikwenda polepole hata mtu angeweza kushuka, akanunua ndizi, akapanda tena. Saa sita mchana ulilala begani mwangu. Katika ndoa yetu yote sikuwa nimekuona ukilala mchana. Bega likafa ganzi, nikakataa kulisogeza. Nilimwomba Mungu treni ichelewe, na kwa kuwa ni treni yetu, ombi langu lilijibiwa.

Lakini Kibombo ilifika. Wanawake wakaja mbio kwenye reli, "Mama Sifa! Mama Sifa njo huyu!" Vita viliwahi kuwakimbiza hadi Kindu, na wewe uliwalaza kanisani kwetu, ukawapikia sombe, majani ya mihogo, kwenye sufuria moja. Mmoja alikushika mashavu akalia. Kisha akanigeukia.

"Na huyu papa njo nani?"

"Njo bwana yangu."

"Aa! Njo ule alikuwa Lubumbashi!"

Alisema bila ubaya. Nikatabasamu, nikabeba sanduku. Lakini lile neno, kwamba mimi ndiye yule aliyekuwa Lubumbashi, liliniingia kama mwiba, maana lilikuwa kweli. Vita vilipoanza nilikuwa nimekwenda Lubumbashi kwenye mkutano wa kanisa. Nilikuacha na Sifa wa miaka minne, na mimba ya miezi mitano. Njia ikafungwa nyuma yangu. Wewe ukabaki upande mmoja wa vita, mimi upande mwingine, miaka mitatu, bila barua hata moja kufika.

Niliporudi, Sifa alijificha nyuma ya kitenge chako. Ukanipeleka kwenye kaburi dogo lenye msalaba wa chuma uliotengenezwa vizuri sana. Ndipo nikajua nilikuwa na binti wa pili, Imani, aliyeishi mwaka mmoja na miezi minne. Niliomba. Nililia. Jumapili iliyofuata nikapanda mimbarani nikahubiri juu ya mama aliyevumilia yote, na kanisa zima likalia nami. Wewe ulikaa mbele ukiangalia mikono yako.

Tulirudi kutoka Kibombo, tukavuka Lualaba kwa mtumbwi, tukachukua pikipiki mbili hadi Kailo. Njiani ulinunua mihogo ya kuchoma, tukala kando ya barabara, ukanipangusa majivu mdomoni. Ulikuwa na furaha kama msichana. "Utaona Papa Kalala," ulisema. "Alikuwa jirani wakati wa vita. Fundi wa treni, muntu wa Kasai. Sasa analima huku."

Alikuwa mrefu, mkimya, mzee kuliko nilivyotarajia. Mke wake alikuwa amekufa kabla ya vita. Alikusalimu kwa mikono miwili, na mimi vilevile, akatuandalia bukari, ugali wetu, na samaki. Kabla hajaweka sahani yako mezani, akachukua kijiko akaondoa pilipili yote juu ya samaki wako.

"Tumbo yako haipendi hii," alisema.

Ulisema asante kana kwamba ni kitu cha kila siku. Mama Sifa, tangu vita viishe tulikuwa tumekula pamoja maelfu ya mara, na mezani kwangu pilipili haikosi. Sikujua. Ulikuwa unakula, unanyamaza.

Nikasukuma sahani yangu. "Mniwie radhi," nilisema, "leo ninafunga."

Ulinitazama. Mihogo ilikuwa bado haijashuka tumboni.

Ulinifuata nje, nyuma ya nyumba, penye mpunga wake ulioanikwa. Hukupaza sauti. "Weye pasteri, unadanganya na jina la Mungu juu ya wivu?"

"Nani amesema wivu?"

"Uliza. Ile kitu unataka kuuliza, uliza sasa."

Nikauliza. Naona aibu kuliandika swali lile, lakini nimesema ni haki wajue. "Kulikuwa nini kati yenu?"

"Kulikuwa Imani," ulisema.

Ukanieleza umesimama, ukiwa umejishika kiuno kwa mikono miwili. Siku Imani alipokufa kwa homa, risasi zilikuwa zinalia tangu alfajiri na hakuna mwanaume aliyetaka kutoka nyumbani kwake. Papa Kalala alitoka. Alichimba peke yake. Wewe ulimbeba mtoto, yeye akakutangulia, na kila mliposikia mlio alirudi akasimama mbele yako. Msalaba aliukata kwenye chuma cha reli. Mimi nilikuwa nimedhani ni kazi ya wazee wa kanisa. Nilikuwa hata nimewashukuru, nao hawakukataa.

"Na mutoto alimuita papa," ulisema. "Neno lake la kwanza. Mimi sikumukatalia. Mutoto alikuwa na haki ya kuita muntu papa."

"Ungeniambia."

"Ulirudi, ukahubiri. Hukuuliza."

Mume mwema angeingia ndani akamshukuru mtu yule, akala samaki wake. Mimi nilikwenda kulala na jua bado liko juu. Asubuhi nilipanda pikipiki bila kumuaga, nikakuona ukimuaga kwa ajili yetu sote wawili.

Barabara ya Punia ilituvunja mifupa, na kwa siku mbili tulisema maneno ya lazima tu. Lakini kwa ndugu za mama yako nilianza kuuliza, kidogo kidogo, tukiokota kuni au tukitoka kuoga mtoni. Ulikula nini? Ulilala wapi? Sifa aliuguaje? Ukajibu. Mara nyingine ulijibu hadi jioni. Zile wiki ndizo nzuri kuliko zote nilizopewa hapa duniani. Ila jina la Kalala sikulitaja, nawe ukanihurumia, hukulitaja.

Tukarudi kazini. Ugonjwa wako wa tumbo ukazidi. Ukaenda.

Kwenye matanga yako Papa Kalala alikuja. Alikaa nyuma kabisa, kwenye benchi la wageni, akalia kama watu wanavyolilia wa kwao. Na mimi, mjinga wa Mungu, nikiwa mbele ya jeneza lako, niliona wivu. Nilitaka kumwambia machozi yale si ya kwake. Nilimpa mkono kama ninavyompa kila mtu, nikampitia.

Baada ya siku arobaini nyumba ilinishinda. Kila nilichokumbuka juu yako nilikuwa nimekikumbuka tayari. Ndipo nikaelewa kwamba kuna miaka yako mitatu ambayo sina, na aliyebaki nayo duniani yuko Kailo. Sifa alikuwa mdogo mno, amesahau. Nikavuka mto peke yangu.

Alinikuta nimesimama uani kwake kama mdaiwa. Akaleta kiti. Akaleta chakula, nami nikala chote.

"Papa Kalala," nilisema, "nieleze Imani."

Akanieleza. Mtoto alitembea akiwa na miezi kumi, akianguka anakasirikia udongo. Treni hazikuwa zinatembea, kwa hiyo yeye alikuwa anapiga honi ya treni kwa mdomo, na mtoto anatoka mbio popote alipo. Alikuwa na paji langu la uso. "Mama yake alikuwa anashika hapa," akagusa paji lake mwenyewe, "anasema, hii njo ya baba yako."

Nililia, sikujificha.

"Pasteri," akasema, "sikumugusa bibi yako. Lakini nilimupenda. Siwezi kudanganya muntu amefiwa."

"Ninajua," nilisema. Nilikuwa ninajua tangu ile pilipili. Wivu ulinishika tena palepale, Mama Sifa, mkali kama siku ya kwanza, na bado ninao leo ninapoandika. Nilisimama nitafute pikipiki.

Akanishika mkono.

"Na miye niulize kitu kimoja?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile miaka yote ya vita, sikumusikia kucheka. Hata siku moja. Kisha vita kwisha, alicheka?"

"Alicheka sana."

"Alikuwa anacheka namna gani?"

Nilimtazama yule mzee. Alikuwa amenikazia macho kama mtu mwenye njaa, na mimi ninaijua njaa ile. Nikakaa tena. Nikamwambia ulivyokuwa unaanza kwa kuziba mdomo, kisha unashindwa, kisha unampiga aliye karibu nawe mgongoni, awe yeyote, na kuna siku alikuwa mzee wa kanisa. Akacheka. Akasema, "Leta ingine."

Nikamletea nyingine, na nyingine.

Lala vizuri, mama. Ninakuonea wivu na ninakupenda,

Bwana yako, Baba ya Sifa na Imani