Hukuja Hata Kunizika

Nchelenge, 30 Mei 1999

Kwako Baba Vicky,

Pokea salamu zangu na za watoto. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kilwa, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, wewe na mzee wako na wote wa nyumbani. Sisi tupo. Ukitaka kujua afya yangu, kaa chini kwanza.

Dripu ya kwanza ya dawa ya saratani nimeipata Lusaka Jumanne. Mdogo wangu Yolande alinisindikiza, akanishikia beseni njia nzima ya kurudi. Sasa tumbo lake limekuwa kubwa na mume wake hataki tena apande basi. Dripu ya pili ni tarehe 15 Juni, na sitaki kwenda peke yangu. Sijui kwa nini nalazimika kumwandikia mume wangu jambo kama hili.

Kidonda cha operesheni kimekauka. Mahali pa titi naweka soksi ya mtoto, nimeikunja ndani ya sidiria. Juzi sokoni nilikuwa nabishana na Lombe juu ya chisense zake, samaki wadogo nusu na mchanga nusu, soksi ikapanda mpaka shingoni. Lombe akaanza kuangalia ziwa. Nilipata bei niliyotaka.

Lakini harufu, Baba Vicky! Mimi niliyewalisha watoto kwa samaki, leo nikisikia samaki mkavu natapika. Na nyumba yetu unaijua, hata mito inanuka chisense. Kisha kila mgeni ana dawa yake. Jirani yetu Mama Beauty ameleta mizizi. Mzee wa kanisa anataka nifunge kula. Nimemwambia mdomo wangu umejaa vidonda, nimeshaanza kufunga bila yeye. Muuguzi amenikataza kubeba kitu kizito kwa mkono wa upande ule. Amesahau kuniambia nani atachota maji.

Ulisema unaenda kumwona mzee wiki mbili. Tangu Pasaka! Njoo.

Mke wako,
Mama Vicky


Kilwa, 8 Juni 1999

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Vicky,

Salamu nyingi sana. Huku sote tuko salama, mzee anakohoa kidogo tu. Nimefurahi kusikia kidonda kimekauka. Mungu ni mwema.

Juu ya kuja, nafanya mipango. Mota ya pirogi, ile boti ya kuvukia, imeharibika, fundi anasubiri kipande kutoka Lubumbashi. Pia kuna askari kwenye bichi, pale boti zinapofunga, wanasumbua wanaume, unajua vita hii. Usifikiri nimekaa bure. Mawazo yangu yote yako kwako.

Kunywa maji ya ndimu kwa ajili ya kichefuchefu. Usiwabishie watu sokoni, unapoteza nguvu. Labda Mama Beauty akusindikize mara hii, yeye ni mwanamke mwenzako, anajua mambo hayo.

Nisalimie watoto. Nisalimie na nywele zako, zile ulizosuka kabla sijaondoka.

Mume wako,
Baba Vicky


Nchelenge, 24 Juni 1999

Baba Vicky,

Salamu. Hapa watoto ni wazima. Wewe huku umekufa.

Nisikilize vizuri. Lusaka nilienda peke yangu, maana Mama Beauty ana duka na watoto sita. Dripu ya pili ikaingia. Nywele ulizosalimia zilianza kutoka njiani, pale Mansa, nikivua kitambaa zinabaki mkononi. Kwenye kituo cha basi nilizimia. Mwanamke asiyenijua alinimwagia maji, akanipandisha basi kama furushi. Muuguzi alikuwa ameniambia: safari ijayo usije bila mtu, hatutakupokea.

Nikafika nyumbani, nikamwambia Vicky aninyoe zilizobaki. Jumamosi joto lilikuwa kali, nikakaa uani bila kitambaa. Mama Beauty akachungulia juu ya uzio. Akaona kichwa kimenyolewa kama cha mjane. Akakumbuka mume yuko Kongo kwenye vita tangu Pasaka. Alipiga yowe moja tu, Baba Vicky, mtaa mzima ukaja.

Kabla sijapata kitambaa wanawake walikuwa wamekaa chini, wanalia. Wengine wanaleta unga, wengine kuni. Wanaume wakawasha moto mbele ya nyumba. Nikasimama, nikasema: "Bwana yangu eko muzima! Eko Kilwa! Nywele ilitoka juu ya dawa!" Mama Beauty akanikumbatia, akawageukia wenzake: "Muache tu aseme. Uchungu ilimupanda ku kichwa."

Nikawaletea barua yako. Mzee wa kanisa akaisoma, akaangalia tarehe. "Iko ya tarehe munane. Bwana alikufa kisha." Wote wakalia upya.

Nitakuambia ukweli. Nilichoka, nikawaacha. Siku mbili walichota maji, walipika, waliwaogesha watoto, walinitandikia mkeka, hakuna aliyeniletea mzizi. Nililala. Sijalala hivyo tangu wanikate titi. Nilisema moyoni, kumbe mgonjwa hapati mtu wa kumchotea maji, mjane anapata.

Sasa nimelipa. Mjane mpya hasafiri mpaka ndugu za mume waje kumfungua. Wanawake wa kanisa wamenikatalia. Patson wa basi naye amekataa kuniuzia kiti: "Mama, utaniletea mukosi mu gari." Dripu ya tatu ni tarehe 6 Julai. Daktari alisema nikiruka moja, kazi yote ya zile mbili inaharibika, na ugonjwa unaweza kurudi.

Kuna mtu mmoja tu anayeweza kuonyesha kwamba hujafa. Basi la Patson linaondoka Jumapili tarehe 4, alfajiri.

Mama Vicky


Kilwa, 27 Juni 1999

Mama Vicky, Régine wangu,

Utanisamehe mwandiko, naandika haraka. Barua yako ilinikuta jana nimekaa kwenye mkeka, nakulilia wewe.

Jumatatu wauza samaki walivuka kutoka kwenu, wakasema: "Kuko kilio kwa Mama Vicky." Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Wote tulijua unaumwa. Mzee alianguka pale pale. Dada zangu walininyoa. Tulichinja mbuzi. Siku tano sikula kitu cha maana, Régine, nilikuwa nasema jina lako tu. Watu wa Kilwa wamekulilia vizuri sana, ungeona.

Barua ilipofika nilidhani mtu ananichezea. Kisha nikasoma habari ya soksi katika ile ya kwanza, nikalinganisha mwandiko, nikajua ni wewe, maana hata marehemu hawezi kugomba hivyo. Nilicheka na kulia pamoja. Sasa nimebaki na kazi ya kuwaeleza watu walioleta unga.

Mungu asifiwe, u mzima! Fundi anasema mota itakuwa tayari katikati ya Julai.

Mume wako anayekupenda,
Baba Vicky


Nchelenge, 30 Juni 1999

Baba Vicky,

Salamu. Asante kwa mbuzi.

Jumatatu ulisikia nimekufa. Barua yangu ilikufikia Jumamosi. Kutoka Kilwa mpaka hapa, boti ikitoka asubuhi, mchana imefika. Wauza samaki walivuka na habari yangu, wakavuka na barua yangu, wakavuka na barua yako, pamoja na magunia yao ya chisense. Askari hawakuwala. Mota zao hazikufa.

Wewe ulikaa kwenye mkeka siku tano. Nani alikuwa ananizika? Vicky? Mtoto wa miaka kumi na miwili angekwenda kutafuta mbao? Ulinililia vizuri, nimesikia. Lakini hukuja hata kunizika.

Nimekuwa nikijiuliza tangu Pasaka kama hunitaki kwa sababu ya titi. Sasa naona ni kitu kingine. Unaogopa, mpaka maiti yangu unaiogopa. Na mimi naogopa. Kila Jumanne ya dripu naogopa, lakini naenda, maana sina mtu wa kumtuma akaogope badala yangu.

Sitaandika tena. Jumapili alfajiri nitakuwa sokoni, kwenye basi la Patson, na kichwa wazi. Usipokuja, nitamwambia Mama Beauty hakukosea, wamalizie kilio chako, na mimi nitakula nao.

Régine


Lusaka, 6 Julai 1999, nje ya wodi ya wanawake

Mama Vicky,

Muuguzi amekubali kukuletea karatasi hii pamoja na chai. Amenifukuza mara mbili. Anasema anayemlinda mgonjwa wa wodi hii awe mwanamke. Nimemwambia sina mwanamke mwingine, ninaye huyo huyo aliye kitandani.

Nilivuka na boti ya wauza samaki, lakini kwenye basi ulinigeuzia mgongo tangu Nchelenge mpaka hapa, kwa hiyo naandika. Ni kweli niliogopa. Dada yangu mkubwa alikufa na titi, mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani. Sikutaka kuona tena. Nilidhani nisipoona, haitakuwa. Nisamehe.

Niko hapa kwenye uzio ambapo watu wanapikia wagonjwa wao. Mimi ni mwanamume peke yangu. Wamama wamenipa nafasi kwenye moto kwa heshima kubwa, wakaona kichwa changu kimenyolewa, wakaniuliza kwa upole nimefiwa na nani. Nimewaambia hakuna mtu amekufa.

Nakuletea bukari, ugali nilioupika mwenyewe.

Baba Vicky


(nyuma ya karatasi ile ile)

Baba Vicky,

Salamu. Bukari yako haijaiva, ndani ni unga mtupu. Irudishe motoni.

Kisha ukae pale pale karibu na dirisha, nikuone.

Mke wako,
Mama Vicky