Soksi za Bibi Halima

Jumatatu, 9 Juni
Wiki hii mimi ni presha na joto. Neema dawa, Rashidi vidonda. Ndivyo Sista Inchaji anavyotugawa sisi wauguzi hapa wodini Korogwe. Kitanda cha sita nikasikia harufu. Bibi Halima wa Vugiri, mgonjwa wa kisukari, leo siku ya nne. Nikamvua soksi za sufu. Unyayo umeungua, pembeni umeanza kuoza. Kumbe kwao milimani baridi ikikaza huegemeza nyayo kwenye mafiga. Kisukari kimeua ganzi mguu, hausikii moto. Siku nne nzima tumempima sukari na kuiandika kwa mwandiko mzuri! Kidonda nimesafisha mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni
Inchaji kanifokea mbele ya wagonjwa. "Wewe ni wa presha. Vidonda vina mtu wake."

Rashidi hakuandikiwa kidonda, angekijuaje? Kila mtu kafanya kazi yake. Bibi ndiye hakuwa na mtu. Daktari anasema kikipanda zaidi, mguu unakatwa. Na analima mteremkoni peke yake. Nina hasira.

Alhamisi, 12 Juni
Nimetakiwa barua ya kujieleza. Mistari mitatu: nilivua soksi, nilikuta kidonda, nitavua tena. Samahani haimo. Eti Inchaji atanihamishia zahanati ya ndani huko Handeni. Mimi Mzigua! Ananitisha kwa kunirudisha kwa mama yangu.

Kuanzia leo vitanda vya tano hadi nane ni vyangu. Presha, dawa, vidonda, miguu, vyote. Sijaomba ruhusa. Neema kacheka weee, halafu akachukua vinne vya kwanza.

Jumapili, 15 Juni
Wazee wawili waligoma kuvuliwa viatu na binti wa umri wangu. Nikapiga magoti, nikawaamkia shikamoo, nikavua. Mmoja ana mwiba kisiginoni, hajui tangu lini. Inchaji alipita, akatazama, akaenda zake. Na aseme.

Jumatano, 25 Juni
Bibi Halima karuhusiwa. Kidole kimoja kimekwenda, mguu umebaki. Katembea mwenyewe hadi kwenye gari.

Mchana Inchaji aliniita ofisini. Nikajua ni uhamisho. Akafunga mlango, akakaa, akavua viatu. Ana kisukari miaka mingi, hajawahi kumwambia mtu hapa kazini. Nikamwomba afumbe macho, aseme kila ninapomgusa.

Nikagusa vidole kimoja kimoja, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Alikuwa bado amefumba macho.

"Haya, anza basi," akasema.