Siri za Akina Mama na VPN ya Shemeji

Mshauri wetu, shikamoo. Nakuandikia kwa aibu na naomba usinicheke, mimi ni mwanamke wa Endagikot, kazi yangu ni kurekodi akina mama waliopoteza mimba wakisimulia yaliyowapata, kuna shirika linakusanya habari hizo ili huduma ziboreshwe, na unajua kwetu Wairaqw zamani mwanamke wa namna hiyo alitengwa, haingii nyumba ya mtu, na hata leo ingawa tunasali kanisa moja wapo majirani watakaokataa hata kumwazima ungo, kwa hiyo kila mama kabla hajafungua mdomo ananiuliza, hii itafika wapi, na mimi namjibu kwa kujiamini kabisa, mama usiogope, tuna VPN.

VPN hiyo, yaani ile programu ya kuficha njia ya mambo yako mtandaoni, alinichagulia shemeji Bonaventura, kaka yake mume wangu, ndiye anayejua mambo ya simu kwenye ukoo, ni ya bure, akaiweka kwenye simu yangu, na kwa kuwa kompyuta naiunganisha kwa hotspot ya simu hiyo hiyo akasema basi na kompyuta imefunikwa, nikaamini. Juzi mwenzangu Juliana, anayetumia aifoni na programu ile kwake ilikataa kabisa, akanifungulia ukurasa unaoonyesha uko nchi gani, simu yangu ikasema niko Uholanzi, kompyuta ikasema niko Tanzania! Jamani, na rekodi zote nazituma kwa kompyuta, pamoja na ya [jina na kijiji nimeviondoa – Mshauri], ambaye hata mume wake hajui. Shemeji anasema ninyamaze, nitatisha watu bure, na yeye ni mkubwa kwangu siwezi kumbishia. Nichukue VPN gani itakayokubali kompyuta na simu zetu zote, na je, ninyamaze kweli?

Fausta

Marahaba, Fausta, jina nililokupa mimi, kama nilivyompa jingine shemeji yako na Juliana. Pole, ila kwanza nikugombeze. Unatafuta VPN ya kutunza siri, halafu unaniandikia mimi, mtu wa gazeti, jina la mama wa watu na kijiji alikoolewa! Hakuna programu itakayokuziba mdomo, mwanangu.

VPN ya simu inafunika simu. Kompyuta ikichota mtandao kwenye simu hiyo, mara nyingi inapita nje, inataka iwekewe yake. Shemeji hakuwa na nia mbaya, alikisia tu, na wewe ukayageuza makisio yake kuwa ahadi.

Iandikie ofisi yako leo, uwaeleze kilichotokea, na wakupe VPN wanayoiamini, maana huo ni wajibu wao. Kama hawana, mtafute yenye akaunti moja inayoingia kwenye kompyuta, simu yako na aifoni ya Juliana, na inayokata mtandao kabisa yenyewe ikidondoka, kwa sababu huko kwenu mtandao unakuja na kuondoka. Ya bure ambayo huelewi wenyewe wanakula wapi, achana nayo. Uliza mamlaka ya mawasiliano utaratibu wa kuisajili, usije ukajitia matatani, kisha ijaribu kwenye kila kifaa kwa ule ukurasa wenu. Na ujue inaficha njia tu. Kompyuta yenyewe ikiibwa haitakusaidia kitu, weka nywila.

Huenda hakuna aliyesikia lolote, kwani mifumo mingi ya kutuma mafaili huyafunga yenyewe njiani. Waulize ofisi. Lakini usifanye hilo kisingizio cha kunyamaza.

Shemeji mwamkie, mshukuru, mwambie kazi ina masharti. Heshima haidai umtii kwenye siri isiyo yake.

Halafu nenda mwenyewe kwa akina mama, mmoja mmoja. Usipige simu, huko simu anapokea yeyote aliye karibu nayo. Kila mmoja mwambie, nilikuahidi jambo nisilolijua, nisamehe. Muulize kama rekodi ibaki. Akisema ifutwe, hakikisha ofisi wanafuta nakala yao, na iliyo kwenye kompyuta usiiguse. Mwonyeshe pa kubonyeza, aifute kwa mkono wake.