Fuko Jeupe la Besi

Jumanne, 1 Novemba 1960

Boflo za asubuhi zimeungua upande. Kosa langu, akili haikuwa tanurini. Nimezipeleka hotelini vilevile. Wamezila.

Akili ilikuwa kwa besi, lile fidla kubwa la klabu yetu. Safari ya Mkoani tulilitia kwenye lori hivihivi, bila ya nguo, baina ya magunia ya nazi. Limerudi na ufa shingoni. Seremala amelitia gundi na linalia tena, lakini kaniambia wazi: likigongwa mara nyengine ni kuni. Klabu haina jengine, na mpigaji ni mimi peke yangu. Likisimama linanipita kichwa. Bila ya hilo taarabu yetu ni nyuzi nyembamba zinazogombana.

Tumealikwa Wingwi, harusi ya mtoto wa Mzee Faki, Alhamisi ya tarehe kumi na saba. Njia ya Wingwi naijua. Mashimo matupu. Sharti nipate fuko la kulivika, na liwe fuko la maana.

Alhamisi, 3 Novemba

Nimezunguka madukani. Gunia la karafuu: linakwaruza mbao. Turubai: zito, na likinywa maji halikauki. Jamvi: jepesi, lakini kila kigongo kitapita. Blanketi: mvua moja ya vuli na limekwisha.

Nimerudi kiwandani kwangu kwa mikate nimekasirika, nikakaa juu ya mifuko mitupu ya unga. Pamba nzito, imefumwa hasa. Nimeivuta kwa mikono miwili, haikuchanika. Nimeikalia miaka yote hii!

Itakuwa tabaka mbili, katikati sufi, na mishono ya godoro ili sufi isikimbilie chini. Nimemweleza mke wangu Zuhura, maana cherehani ni yake. Kasema, "Besi linashonewa godoro la sufi, na mie nalalia la makumbi." Kisha akachukua kipimo.

Jumapili, 6 Novemba

Siasa imeingia mpaka kwenye fuko. Nina hasira, naandika vibaya.

Maalim Shaame ndiye mkubwa wa klabu, anapiga fidla na anasomesha skuli. Saidi anapiga udi. Walikuwa wakila sinia moja. Tangu habari za uchaguzi kuanza kila mmoja ana chama chake, hawasalimiani, na klabu inakaa mabenchi mawili. Si sisi tu. Watu hawanunui maduka ya wenzao, hawaendi harusi za wenzao, na wapo wasiokwenda kuzikana.

Leo Maalim kataka fuko litiwe rangi ya chama chake. Kasema litaonekana njia nzima, watu wajue sisi nani. Saidi kasema likitiwa rangi hiyo, yeye na wenziwe hawapandi lori. Maalim kasema basi wabaki. Benchi la Saidi likainuka.

Wimbo haupigwi na nusu ya watu. Wakigawana leo, hawarudi tena.

Nikasema fuko nashona mimi na halitiwi rangi ya mtu. Jeupe. Nyeupe haina chama. Wote wawili wakaniona mnafiki, na hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu Ramadhani. Na waone. Sijifichi. Napiga besi.

Jumatatu, 7 Novemba

Vitongoji, kwa mama mkwe, kuchukua sufi. Anao mti nyuma ya jiko. Tumepasua na kuchambua mpaka ndevu zangu zikawa nyeupe.

Kaniuliza, "Na weye mwanangu, u upande gani?" Nikamwambia upande wa sufi. Hakucheka. Kasema ndugu yake hajaja kumuangalia kwa ajili ya mambo haya, na yeye hana hata kura anayoitaka. Nimeona haya kwa kufanya mzaha.

Nimerudi Zuhura anasugua mifuko. Ilikuwa na muhuri wa buluu, na buluu siku hizi nayo ina wenyewe. Sabuni, ndimu, jua. Anasugua na anatukana vyama vyote kwa majina.

Ijumaa, 11 Novemba

Fuko limekwisha. Nalisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwengine atakayelisifu.

Mdomo wake upo ubavuni, urefu wote. Ungekuwa juu, ningelivuta besi kila siku na nyuzi zingekwama. Kile kigogo kinachoinua nyuzi nimekizungushia mto wa peke yake. Shingoni sufi mara mbili. Vishikizo nimekataa, vikigandamizwa vitatia alama kwenye mbao. Linafungwa kwa vitambaa vyeupe: kichwani, kiunoni, miguuni. Zuhura kaona vitambaa ni kazi ya kitoto. Mimi naona ni kazi safi.

Nimelisimamisha pembeni mwa chumba. Limekaa kama bibi harusi, linangoja kutazamwa.

Maalim alipita. Kalitazama, kavuta ndevu. Kasema besi likiharibika safari hii, klabu imekufa, na aliyeiua ni mimi na ubishi wangu. Nimemjibu vyema: basi nitaiua kwa nguo safi.

Jumatano, 16 Novemba

Mvua kutwa. Kesho safari. Saidi kasema atapanda. Maalim kasema atakaa mbele na dereva. Vizuri. Mimi nyuma na besi.

Ijumaa, 18 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naanza na tope.

Lori lilikwama karibu ya Wingwi, magurudumu yamezama nusu. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa. Besi halibebeki kwa mkono katika tope lile, ukiteleza ndiyo basi tena. Nikaenda nyumba ya jirani kuazima kitanda cha kamba. Bi mmoja mtu mzima akatoka, akachungulia ndani ya lori, akaona fuko limelala. Hakuuliza neno. Akatoa kitanda, akatoa na kanga ya kufunikia, akaingia ndani akifuta macho. Nilidhani ni ukarimu.

Tukalilaza besi juu ya kitanda, kanga juu. Wanne wakatia mabega: Maalim na Saidi mbele kwa kuwa wanalingana kimo, vijana wawili nyuma. Nikafurahi kuwaona mbavu kwa mbavu. Mimi nikarudi lorini kuutafuta upinde wa kupigia. Ulikuwa umedondoka chini ya viti, na nilikawia.

Nilipotoka kitanda hakionekani. Nasikia sauti tu, mbele, za watu wengi. La ilaha illallah.

Nikadhani kuna maziko yanapita. Nikasimama kwa adabu. Kisha nikaona zile nguo nyeupe zinachungulia chini ya kanga, na nikafahamu ni besi langu.

Limefungwa kichwani, kiunoni na miguuni. Jeupe. Limelazwa. Limetoka kwetu mjini Chake kwa lori, kama wanavyorudishwa makwao wanaofia hospitali. Mimi nimelitazama wiki nzima likiwa limesimama, na maiti hasimami. Haikunipitikia hata mara moja.

Na desturi kila mtu anaijua. Jeneza likipita, mwanamme anaacha alichonacho anakwenda kutia bega. Anayebeba humpisha. Basi Wingwi yote ilikuwa imetoka: mashambani, madukani, barazani. Maalim kapishwa, Saidi kapishwa. Kwa nini hawakusema? Nimewauliza baadaye. Maalim alingoja Saidi aseme. Saidi alingoja Maalim. Vijana waliwangoja wao, na wao hawasemezani!

Nikakimbia, upinde mkononi, kiatu kimoja kimebaki topeni. Napiga kelele, "Si maiti! Si maiti!" Mzee mmoja akanishika mkono, akaniambia, "Subiri mwanangu, sote njia moja." Kanidhania mfiwa nimepagawa.

Nimewafikia uani mwa msikiti. Kitanda kimeshatuliwa, safu zinapangwa. Shehe, imamu wao, kasogea ili ajue asimame wapi na aombe vipi. Akauliza, "Maiti mwanamme au mwanamke?"

Kila mtu anamtazama mwenziwe. Hakuna anayemjua marehemu.

Nikasema, "Ni besi, Shehe."

Akaniuliza mara ya pili, kwa upole, kama mtu anavyosemeshwa akiwa na homa. Nikafungua kitambaa cha kichwani nikaonesha shingo na nyuzi.

Astaghfirullah zilizopigwa pale! Kijana mmoja akachomoa kisu cha shambani, anataka kulipasua fuko. Kasema watu wa Chake tumekuja kuwachezea maiti wao. Nikalala juu ya besi. Sikufikiri, nililala tu. Nikamwambia, "Anza na miye."

Shehe kamzuia kwa jicho tu. Lakini kaniambia niliondoe mbele ya msikiti, na uso wake ulikuwa mbaya. Ndipo akatokea Mzee Faki, mwenye harusi mwenyewe. Alikuwa chini ya kitanda, bega la mbele, anatweta. Akasema kwake hapapigwi kitu. Turudi tulikotoka.

Nilimtazama Maalim. Kainamisha kichwa. Saidi kainamisha kichwa. Nikaona klabu imekufa kweli, na aliyeiua ni mimi.

Hapo nikapandwa na hasira, na sijutii. Nikasimama na kiatu kimoja nikasema kwa sauti. Nimesema sikumwambia mtu kuwa huyu ni maiti. Mmembeba wenyewe. Na hakuna aliyeuliza huyu maiti wa chama gani! Kama nyoyo zenu zinajua kubeba bila ya kuuliza, basi huo moyo mwengine wa kila siku mmeutoa wapi? Mmembeba mgeni asiye roho, na walio hai hamwasalimii.

Yalikuwa maneno ya kijeuri, mbele ya watu wazima. Yalinitoka.

Mzee Omar akacheka. Ndiye mwenye duka njia panda, na nimekuja kujua baadaye kuwa yeye na Mzee Faki ni majirani wa ukuta mmoja, vyama mbalimbali, hawajasemezana tangu mavuno yaliyopita. Walibeba pamoja, bega la kulia na bega la kushoto. Mzee Omar akasema, hakumsemesha mtu, "Miye nimelibeba hili dude kutoka dukani kwangu mpaka hapa. Bega linaniuma. Sendi popote mpaka nisikie nilichobeba."

Mzee Faki kamsikia. Naye akasema, vilevile bila ya kumtazama mtu, "Lipigwe kwangu. Aliyebeba na aje."

Nikalifungua fuko barazani kwake. Tabaka ya nje tope tupu. Ndani pakavu. Ufa haujaongezeka hata unywele.

Tumepiga. Si wote waliobeba waliokuja, wapo waliokasirika na wana haki. Mzee Omar kakaa karibu ya mlango, kala, kaondoka mapema. Hawakupeana mikono. Nimeangalia kwa makusudi.

Jumapili, 20 Novemba

Habari imefika Chake kabla yetu. Sokoni tunaitwa klabu ya maiti. Mteja mmoja kauliza kama boflo zangu zimeshasaliwa. Nikamwambia zimekoshwa tu, kusaliwa ni kazi yake. Kacheka, kanunua.

Mchana Maalim kaja na vyungu viwili vya rangi. Kasema fuko litiwe rangi yoyote, hata ya akina Saidi, lakini nyeupe basi. Nimestaajabu. Hata ya akina Saidi! Mwezi huu mzima sijamsikia akilitaja jina la Saidi.

Nimekataa. Nilichokubali ni kimoja: sitalilaza tena. Litasafiri wima, limefungwa kwenye mbao za lori, na juu nitashona mkia wa kitambaa cha ukaya wa kujitandia wanawake, chakavu, cha maua. Maiti havai maua. Na rangi za vyama zibaki kwa wenye vyama.

Maalim kaondoka na vyungu vyake. Mlangoni kasema hajui nani atakuja mazoezini Alhamisi. Kasema hata yeye mwenyewe hajui. Ndiyo mara ya kwanza namuona amechoka.

Zuhura kaniuliza kama naogopa. Naogopa. Wakigawana, nitabaki na besi na fuko lake, na besi peke yake si muziki. Lakini sitii rangi.

Alhamisi, 24 Novemba

Jioni nimefungua nyumba ya klabu mwenyewe. Nimefagia. Mabenchi mawili nimeyaacha yalipo, sikutaka kuonekana nafanya ujanja.

Maalim alikuja mwanzo. Kakaa kwake. Wakaja wengine, si wote. Saidi kaja mwisho, nguo zimelowa, udi chini ya koti. Kasimama mlangoni. Benchi lake lilikuwa tupu, wenziwe wamegoma. Kakaa peke yake.

Fidla na udi zinafuata sauti ya besi zikitaka kukazwa, na wote wawili walikuwa wanangoja mimi. Nikafungua vitambaa. Nikapiga uzi mnene.

Saidi akauinamia udi. Maalim akageuza kigingi cha fidla, akasikiliza, akageuza tena.

Wimbo wa kwanza ulitoka mbaya. Tukaurudia.