Mayai Ndani ya Maharagi

Bukavu, Kadutu, 4 Februari 1974

Maman mupenzi,

Salamu mingi. Sisi tuko wazima. Na ule mugongo wako, unaendelea namna gani?

Tumbo yangu imefika miezi nne, na akili yangu imechafuka. Ma sœur Françoise, ule mutawa mwenye anapimaka matumbo ku dispensaire, anasema nikule yai kila siku, na maharagi na mboga ya lengalenga, juu mutoto wa kwanza alizaliwa na kilo moja na nusu, akatuacha. Lakini mama ya bwana yangu, tunaishi naye nyumba moja, anasema yai inaleta mutoto bila nywele, tena munene wa kukwama. Nisikilize nani?

Mutoto wako, Virginie


Bunyakiri, 17 Februari

Mutoto wangu,

Jambo sana. Mugongo uko vile vile. Hata mimba ya kwanza nilikuambia usiguse yai. Bamama wote huku wanasema vile. Heshimu mama mukwe, usilete makelele mu nyumba ya watu.

Maman yako, Eulalie


Bukavu, 3 Machi

Maman,

Umeamuka salama? Mimi kichwa inazunguka. Ma sœur alinipima, akauliza: "Nani alikufundisha kujinyima?" Niliona haya kukutaja. Jana nilichemusha yai, nikakula nusu, nusu nikatupia mbwa, nikalia. Naogopa kukula, naogopa kutokula. Niambie kweli tu: wakati ulinibeba mimi, ulikula nini?

Mutoto wako, Virginie


Bukavu, 14 Aprili

Maman, uko muzima? Wiki sita bila neno. Umenikasirikia? Andika hata mustari moja.

Virginie


Bunyakiri, 26 Aprili

Virginie wangu,

Nisamehe. Sikuwa mugonjwa, ni haya ilinifunga mukono. Wakati wa mimba yako nilikuwa napikia mapadri ku misioni. Kila asubuhi nilikula mayai mbili nyuma ya mulango, nikaficha maganda mu majivu, juu wangeniita mulafi. Ukatoka munene, na nywele mupaka ku masikio! Kwako nilirudilia tu maneno ya watu. Nikakuona unazika mutoto, nikanyamaza. Ee Mungu wangu.

Xavier, dereva wa kamiyo ya mizigo, anakuletea kitunga ya maharagi. Chimbua polepole, ndani muko mayai makumi mbili. Kula mbele ya watu wote. Mama mukwe akiuliza, mupe hii barua.

Maman yako, Eulalie


Bukavu, 30 Juni

Maman,

Salamu, na shangilia! Mayai ilifika, moja tu ilivunjika. Mama mukwe alisoma barua mara mbili, akaenda kunipikia mwenyewe.

Mutoto alizaliwa juzi, binti, kilo tatu na grama mia mbili. Na upara, Maman! Hata unywele moja hapana! Mama mukwe anapiga makofi: "Si niliwaambia!" Lakini anamubeba siku muzima, anakatala kumutua. Ma sœur anacheka, anasema nywele itaota. Mimi sijui tena niamini nani.

Nilimupa jina lako. Kuja umuone, usijifiche tena.

Yule wa kwanza hakulia, unakumbuka. Huyu analia mupaka majirani wanagonga ukuta, na hakuna mutu hapa anamunyamazisha.

Mutoto wako Virginie, sasa Mama Eulalie