Msumeno wa Bei Rahisi

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Nimenoa misumeno tangu asubuhi. Nguzo tulizopata ni chache, viganja vimechubuka. Mti wa mtundu ukikauka ni mgumu kama mfupa. Tangu tuhamishiwe kijiji hiki kipya wengi bado wamo kwenye vibanda vya majani, na watoto wanakohoa. Mvua haziko mbali. Seremala ni mimi peke yangu. Watu wananitazama kana kwamba nyumba zao nimezificha.

Jioni kikao. Shemeji Ramadhani, mume wa dada yangu Mariamu, ameona msumeno wa petroli unauzwa Itigi, karibu na stesheni. Bei yake rahisi. Nimepinga. Misheni nilikofundishwa kazi walikuwa na msumeno wa namna hiyo, ila wa maana. Huu wa bei ya chini utatuaibisha. Nikasema tungoje fedha ya asali tunayouza iongezeke, tununue ulio imara.

Ramadhani akauliza, "Na mvua nayo itangoja asali, shemeji?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaamua ununuliwe. Nimeudhika.

Alhamisi, 10 Oktoba
Umefika. Ramadhani ameshuka nao kwenye lori, kaubeba kifuani kama mtoto mchanga. Mwepesi mno. Skrubu zimelegea hata kabla haujawashwa. Tumevuta kamba ya kuwashia mpaka tukatoka jasho. Ukawaka. Moshi, kelele, mbuzi wakatawanyika. Ukapita kwenye gogo kama kisu kwenye muhogo uliochemka. Nikaanza kukaza skrubu.

Jumamosi, 12 Oktoba
Lazima niandike ukweli. Unafanya kazi. Nguzo zote za Bibi Tabu, mjane asiye na mtoto, zimepatikana kabla ya chakula cha mchana. Lakini ukipata moto unazima, mpaka ukapumzike kivulini. Cheni inalegea kila mara, naikaza mimi. Kwa magogo yaliyolala chini unatosha.

Ramadhani sasa anataka kuangushia miti iliyosimama. Nimemwambia hiyo tuiache kwa shoka na msumeno wa watu wawili. Ameniita mwoga. Kwa utani, lakini watu walisikia.

Jumatano, 16 Oktoba
Tumeangusha mtundu mkubwa kwa msumeno wa petroli. Umelala pale pale tulipotaka. Nilikuwepo, nikakubali. Kazi ikienda upesi inalevya.

Ijumaa, 18 Oktoba
Leo nitaandika kidogo kidogo.

Asubuhi msumeno ulizima katikati ya mti. Ukabanwa humo ndani. Mti umekatwa zaidi ya nusu na bado umesimama. Nikasema kila mtu akae mbali mpaka nilete shoka na kabari. Nikaondoka.

Ramadhani alirudi kuuchomoa. Aliogopa mti ukianguka utausaga. Ni mali ya kijiji, na yeye ndiye aliyetushawishi tuununue. Nilisikia mti ukilia, nikakimbia. Nilimkuta chini, mguu umelaliwa na shina.

Tulikata mimi na mwenyekiti kwa msumeno wa watu wawili. Polepole, kwa maana kila tulipovuta, shina lilitikisika juu ya mguu. Ramadhani hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Msumeno umepona?"

Tumepata lori la kumpeleka hospitali Itigi. Mariamu ameenda naye. Nina hasira na mashine. Na Ramadhani pia. Na mimi mwenyewe, niliyeondoka nikawaachia maneno tu.

Jumapili, 20 Oktoba
Kanisani sikusikia kitu. Watu wanasema ule mkosi utupwe. Msumeno uko kwangu, mzima, umekwaruzika tu. Nilishika nyundo niuvunje. Nikairudisha nyundo.

Alhamisi, 24 Oktoba
Nimetoka Itigi. Mguu haukukatwa, Mungu ashukuriwe. Umefungwa plasta hadi pajani. Daktari amesema atachechemea. Ramadhani amekonda, macho yamekuwa makubwa.

Nikamwambia tunautupa. Akatikisa kichwa. "Kwa magogo ulikuwa hodari, shemeji. Mimi ndiye niliyeupa kazi iliyouzidi."

Niliona ni maneno ya mtu anayeona aibu. Ndipo Mariamu akasema bila kunitazama: "Mkiutupa, huyu atakuwa ameumia bure. Rudini mkajenge."

Nimelia njiani. Sijui kwa ajili ya nani.

Jumatatu, 28 Oktoba
Nimeuwasha. Watu walisogea nyuma. Nimewaambia mbele ya mwenyekiti: huu ni wa magogo ya chini tu. Mti uliosimama ni shoka na mikono. Atakayebisha aje ashike yeye. Hakuna aliyebisha.

Jumanne, 5 Novemba
Nguzo, nguzo, nguzo. Wanawake wanaleta nyasi kwa mafungu. Mgongo unauma. Nimemkumbuka Ramadhani, alikuwa anaimba akifanya kazi. Mimi siwezi kuimba.

Jumamosi, 16 Novemba
Umekufa. Ulikohoa, ukatoa moshi mweusi, kamba ikagoma kuvutika. Nimeufungua: chuma kimesagana na chuma. Hautengenezeki. Nyumba zimesimama, imebaki milango tu, na milango naweza kwa mkono.

Mwenyekiti ameuliza kama tununue mwingine wa bei ile ile. Nimefikiri sana kabla ya kujibu. Nikasema ndiyo, kwa kazi ya magogo. Kwa kuangusha mti ambao mtu anasimama chini yake, hapana, hata tukipewa bure.

Jumamosi, 30 Novemba
Mvua imeanza mchana. Nimekuja kwa Mariamu. Ramadhani amerudi juzi, anatembea kwa magongo. Paa linavuja kidogo upande wa mafiga. Mariamu ameweka bakuli hapo, akaendelea kupika.

Ramadhani ameomba kiti chake kisogezwe mlangoni. Nimekisogeza, nami nikakaa chini kando yake. Bibi Tabu amepita nje, kajifunika kanga kichwani, anakwenda kwenye nyumba yake mpya. Tumemwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akaingia ndani na kufunga mlango.

Tumekaa pale tukitazama mvua mpaka ugali ukaiva.